Gundy alipaswa kuondoka Novemba 2024

Tarehe 29 Novemba 2024, mjini Boulder, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Oklahoma State ilikandikwa 52-0 na chuo cha Colorado. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu na kipigo cha tisa mfululizo. Travis Hunter, kijana wa Colorado aliyekuwa akicheza ushambuliaji na ulinzi katika mechi hiyohiyo, alidaka pasi tatu za tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), kisha upande wa pili akanasa pasi ya Oklahoma State. Kwotabeki wao, yaani mrushaji mkuu wa pasi, Shedeur Sanders, alirusha yadi 438. Mike Gundy, aliyekuwa anafunga msimu wake wa 20 kama kocha mkuu, alirudi Stillwater, mji wa chuo chake, akiwa ameshinda mechi tatu na kupoteza tisa. Ndani ya ligi yao ya Big 12 alikuwa hajashinda hata moja kati ya tisa.

Miezi mitatu kabla, kura ya waandishi ya Associated Press ilikuwa imeiweka timu hiyo nafasi ya 17 nchi nzima, na ndani ya Big 12 ilitabiriwa kushika nafasi ya tatu. Karibu kikosi chote cha kwanza kilichofika fainali ya ligi mwaka 2023 kilikuwa kimerudi, akiwemo Ollie Gordon, mkimbiaji aliyetoka kuongoza nchi nzima kwa yadi 1,732. Ndiyo maana watu bado wanasema 3-9 ile ilidondoka kutoka mbinguni. Mimi sikubali. Dalili zilikuwepo kwa miaka miwili, zimeandikwa kwenye ubao wa matokeo.

Kupoteza kwenyewe simlaumu nako Gundy. Makocha wakubwa kuliko yeye wamewahi kupata misimu ya aibu na wakainuka. Lawama yangu iko kwa waajiri wake. Msimu ule uliwapa taarifa kamili kuhusu hali ya timu yao, wakaisoma, na kwa jinsi walivyotenda naamini waliielewa. Halafu wakafanya uamuzi wa nusunusu uliowagharimu msimu mwingine mzima, na dola milioni 15 juu yake.

Kwa msomaji ambaye mpira wa Kimarekani anaupata kwa vipande vya video tu, inafaa kueleza ukubwa wa jambo lenyewe. Mpira wa vyuo kule si bonanza la wanachuo. Stillwater ni mji wenye wakazi wasiofika elfu 50, na una uwanja unaobeba zaidi ya watu elfu 50. Uwanja huo unaitwa kwa jina la T. Boone Pickens, tajiri wa mafuta aliyesoma chuoni hapo na ambaye mchango wake wa dola milioni 165 kwa idara ya michezo ulitangazwa mwanzoni mwa mwaka 2006. Umelazwa mashariki kwa magharibi, tofauti na viwanja vingi, na ukuta wa jukwaa uko karibu kabisa na mstari wa pembeni. Mstari wa mbele kuna mashabiki wenye makasia ya mbao, kazi yao ni kuyagonga kwenye magodoro yaliyofunika ukuta huo, bila kupumzika, mgeni anapokuwa na mpira. Mchezaji wa timu pinzani aliyesimama pembeni anazisikia kelele hizo mgongoni kabla hazijafika masikioni. Wapinzani wengi walikuwa wanaichukia safari ya Stillwater kwa sababu ya makasia hayo tu.

Gundy ni mtoto wa nyumbani. Alikuwa kwotabeki wa chuo hichohicho kuanzia 1986 hadi 1989, na mwaka 1988 ndiye aliyekuwa anamkabidhi mpira Barry Sanders katika ule msimu wa yadi 2,628 ambao mpaka leo unatajwa kama msimu bora wa mkimbiaji katika historia ya vyuo. Alipokabidhiwa timu mwaka 2005 baada ya kocha Les Miles kwenda chuo cha LSU, Oklahoma State ilikuwa na misimu mitatu tu ya ushindi wa mechi 10 katika historia yake yote: 1984, 1987 na 1988. Yeye aliongeza minane. Msimu wake wa kwanza ulikuwa 4-7, kisha kuanzia 2006 hadi 2023 hakuwahi kumaliza msimu akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Miaka 18 mfululizo. Vyuo vyenye historia kubwa na mifuko minono zaidi havikuweza hilo.

Wengi nje ya Oklahoma wanamjua kwa jambo moja, lile la Septemba 2007, alipomvaa mwandishi wa gazeti mbele ya kamera kwa kumtetea mchezaji wake na kufoka, "Mimi ni mwanaume! Nina miaka 40!" Ukiondoa vichekesho vilivyofuata, tukio lile lilimsaidia sana. Wazazi wa vijana waliona kocha anayesimama mbele ya mchezaji wake. Siasa za miaka ya baadaye zilimpaka matope kidogo, hasa mwaka 2020 pale mkimbiaji wake Chuba Hubbard alipotishia kugoma kwa sababu ya fulana aliyoonekana ameivaa kocha, lakini ushindi uliendelea na ushindi husamehe mengi.

Kuna takwimu moja ambayo mashabiki wa Oklahoma State, wale wa rangi ya chungwa, hawapendi kuisikia. Dhidi ya chuo cha Oklahoma, jirani na hasimu wao mkubwa, Gundy alicheza mara 19 akashinda nne. Chuo kilichokuwa kikipigwa na jirani yake mara 15 kati ya 19, na bado kikamweka kocha madarakani miaka ishirini kwa moyo mweupe, kilikuwa kinajua nafasi yake. Kilikuwa kinajua Oklahoma ina pesa na mvuto ambao Stillwater haina, na kwamba mtu anayekupa mechi nane, tisa, kumi kila mwaka ukiwa kwenye hali hiyo ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Alizipataje? Aliwachukua vijana ambao vyuo vikubwa vilikuwa vimewapita, akawaweka benchi mwaka mmoja au miwili, akamkabidhi Rob Glass, bwana wa mazoezi ya viungo aliyekuwa naye tangu 2005, awajenge miili. Kisha mwaka wa tatu, wa nne, wa tano, wakatoka wanaume. Brandon Weeden aliwahi kuwa mrusha mpira wa besiboli wa kulipwa kabla ya kuja Stillwater, na mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 28, aliipeleka timu kwenye 12-1, ubingwa wa Big 12 na ushindi wa 41-38 dhidi ya Stanford kwenye Fiesta Bowl, mechi ya heshima ya kufunga msimu. Kipigo pekee cha msimu ule, 37-31 pale Iowa State, kilikuja usiku mmoja baada ya ajali ya ndege iliyoua kocha wa timu ya kikapu ya wanawake ya Oklahoma State, Kurt Budke, na msaidizi wake Miranda Serna. Bila usiku ule pengine Gundy angekuwa amecheza fainali ya taifa, na sura yote ya historia yake ingekuwa nyingine.

Mfumo huo ulihitaji kitu kimoja: kijana asiweze kuondoka. Kwa miongo mingi hakuweza. Akihama chuo alikaa nje mwaka mzima bila kucheza, na pesa ilikuwa marufuku. Aprili 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Julai mosi mwaka huohuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Mwaka 2024 ukomo wa idadi ya kuhama ukaondolewa kabisa. Ghafla kila kocha mkuu wa Marekani ana dirisha la usajili kama la Ulaya, ila lisilo na mikataba ya miaka mitano wala ada ya uhamisho inayorudi kwa klabu iliyomlea mchezaji. Anayelea analea kwa hasara.

Maelezo haya ndiyo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuanguka kwa Gundy: zama zimempita, mzee kashindwa na pesa. Yana ukweli, lakini kwa msimu wa 2024 yanakwama mahali. Mwaka ule hakuporwa wachezaji. Karibu wote walibaki! Gordon, aliyekuwa na uwezo wa kupata donge nono kokote, alibaki. Safu ya mbele ya wazee ilibaki. Kwotabeki Alan Bowman alirudi kwa mwaka wake wa saba wa chuo. Kama tatizo lingekuwa kuporwa tu, 2024 ulipaswa kuwa msimu wa raha.

Jibu liko kwenye msimu uliotangulia, ule wa 10-4 ambao kila mtu aliupigia makofi. Chukua matokeo ya mechi zote 14 za mwaka 2023 ujumlishe. Oklahoma State ilipata pointi 414 na kuruhusu 400. Timu iliyoshinda mechi 10 na kupoteza nne ilikuwa inawazidi wapinzani wake kwa pointi moja kwa mechi! Kwenye mechi zilizoamuliwa kwa pointi nane au chini ilishinda tano na kupoteza moja. Ilipopoteza nyingine ilipoteza vibaya: 33-7 nyumbani dhidi ya South Alabama, 45-3 kwa UCF, 49-21 kwa Texas kwenye fainali ya ligi. Na mwaka mmoja nyuma yake, Oktoba 2022, Kansas State ilikuwa imewafumua 48-0.

Hizo ndizo dalili ninazozisema. Timu nzuri inapoteza, lakini haipotezi 45-3 kwa timu ya kawaida. Kupoteza kwa pointi tatu kunaweza kuwa bahati mbaya, mpira umeteleza mkononi, mwamuzi kakosea. Kupoteza kwa pointi 42 ni habari kuhusu kikosi. Gundy na chuo chake waliiona 10-4 wakasema tuwarudishe vijana haohao. Waliporudi walikuwa wazee kwa mwaka mmoja, na wapinzani walikuwa wameenda sokoni wakanunua wapya. Arizona State, iliyotabiriwa kushika mkia wa ligi mwaka 2024, ilibeba ubingwa wa Big 12 chini ya kocha wa miaka 34. Ilipokutana na Oklahoma State ilishinda 42-21.

Kuna mchango wa mtu mmoja pia ambao hautajwi vya kutosha. Jim Knowles alikuwa kocha wa ulinzi Stillwater kuanzia 2018 hadi 2021, na msimu wake wa mwisho ulikuwa 12-2, wakiukosa ubingwa kwa inchi chache dhidi ya Baylor kisha wakaiduwaza Notre Dame kwa 37-35. Ohio State ilikuwa imeshamchukua kabla ya mechi hiyo ya Notre Dame. Akaja Derek Mason kwa mwaka mmoja, kisha Bryan Nardo kutoka chuo kidogo cha Gannon kinachocheza daraja la pili. Nardo si mjinga, na kumtoa mtu chini kumleta juu ndiyo tabia ya Gundy ya siku zote. Lakini vipigo vya mabao ya kutisha nilivyovitaja vyote vinaanzia baada ya Knowles kufunga mizigo. Chuo kisichoweza kumzuia msaidizi wake bora hakina mfumo wa kulea hata makocha.

Basi ukafika 2024. Walianza kwa ushindi wa mechi tatu, ikiwemo 39-31 dhidi ya Arkansas baada ya vipindi viwili vya nyongeza, mechi ambayo walikuwa nyuma 21-7 wakati wa mapumziko. Tukafurahi, na wachache wakauliza kwa nini timu iliyo nafasi ya 17 inahitaji muujiza nyumbani. Kisha Utah ikaja Stillwater ikashinda 22-19, na huko ndiko mteremko ulikoanzia. Kansas State 42-20. West Virginia 38-14. Provo, dhidi ya BYU, waliongoza 35-31 hadi sekunde 10 za mwisho, Darius Lassiter akadaka pasi ya yadi 35 na mechi ikaisha 38-35. Baylor 38-28. TCU 38-13. Texas Tech 56-48, kwenye mechi ambayo kijana wa mwaka wa kwanza alipewa ukwotabeki na ushambuliaji ukaonekana kupumua kwa mara ya kwanza, wakati huo Novemba ikielekea ukingoni.

Katika mechi hizo tisa za ligi waliruhusu pointi 366, zaidi ya 40 kwa kila mechi. Majeruhi walichangia, hasa Collin Oliver na Nick Martin waliokuwa nguzo za ulinzi. Gordon alishuka kutoka yadi 1,732 hadi 880, kwa sababu mkimbiaji hakimbii peke yake. Lakini ukihesabu utakuta mechi tatu tu kati ya tisa ziliamuliwa kwa pointi nane au chini. Sita walipigwa kwa 10 au zaidi.

Linganisha na wazee wengine waliowahi kuvurunda. Joe Paterno, msimu wa 2004, alimaliza 4-7 na Penn State, na viongozi wa chuo wakaenda nyumbani kwake kumwomba apumzike. Alikataa. Wengi walidhani ni ukaidi wa uzee, lakini msimu ule Penn State ilipoteza kwa Iowa 6-4, mechi ambayo hakuna timu iliyopata tachidauni. Timu inayopoteza 6-4 ina ulinzi wa kutosha kushinda ligi, inakosa tu mtu wa kuupeleka mpira mbele. Mwaka uliofuata Penn State ilimaliza 11-1. Mark Dantonio wa Michigan State alipata 3-9 mwaka 2016, rekodi ileile ya Gundy, lakini alipoteza kwa Ohio State 17-16. Mwaka uliofuata, 10-3. Kirk Ferentz alipata 4-8 pale Iowa mwaka 2012 na miaka mitatu baadaye akafika 12-2. Misimu mibovu ya makocha wakongwe si yote ya aina moja, na mkurugenzi wa michezo analipwa kujua tofauti.

Mdomo nao haukusaidia. Mwanzoni mwa Novemba 2024, baada ya kichapo cha Arizona State, Gundy aliwaambia waandishi kwamba wanaopiga kelele zaidi mara nyingi ni watu wasioweza kulipa hata bili zao wenyewe. Baadaye aliomba radhi. Kocha wa mwaka 2010 angeweza kusema hivyo na yakaisha. Mwaka 2024 vyuo vilikuwa vinawaomba mashabiki haohao wachangie kila mwezi ili wachezaji walipwe. Unamtukana mtu kuhusu pochi yake wiki ileile unayomwomba aifungue. Kabla ya hapo, mwezi Julai, alipoulizwa kuhusu Gordon kukamatwa akiendesha gari akiwa amelewa, alikuwa amejibu kwa mzaha kwamba yeye mwenyewe pengine amewahi kufanya hivyo mara elfu. Ukiyaweka pamoja unamwona mtu aliyekaa mahali muda mrefu mpaka hasikii tena sauti yake inavyofika kwa wengine.

Sasa tuje Desemba. Mazungumzo kati ya Gundy na bodi ya chuo yalifika pabaya, kiasi kwamba vyombo vya habari viliripoti anaweza kuondoka saa yoyote. Kikwazo kilikuwa mkataba. Baada ya mafanikio ya 2021 chuo kilimpa mkataba wa miaka mitano unaojirefusha wenyewe kila mwaka, na kumfukuza kungegharimu takriban dola milioni 25. Mwisho wakakubaliana: mshahara unapungua kwa dola milioni moja, pesa hiyo inaenda kwa wachezaji, na fidia ya kuvunja mkataba inashuka hadi milioni 15. Nardo akafungashiwa virago pamoja na Kasey Dunn, kocha wa mashambulizi aliyekuwa na Gundy tangu 2011. Wakaja Doug Meacham na Todd Grantham. Wachezaji wapya zaidi ya 60 wakaingia.

Tazama kilichofanyika hapo. Chuo kilibadili makocha wote wawili wakuu wasaidizi, kikabadili zaidi ya nusu ya kikosi, kikabadili mkataba, kikabadili falsafa nzima ya kulea vijana polepole. Kilichobaki ni Gundy, aliyebobea katika falsafa ile iliyotupwa. Kama mnaamini njia yake, mwacheni aendelee nayo kwa wasaidizi wapya na vijana wake. Kama hamuiamini, mleteni mwenye njia nyingine. Walichofanya ni kumpa seremala kazi ya kushona nguo kwa sababu wameshamlipia nyumba.

Na kile kipengele cha fidia kilisema kila kitu kwa yeyote mwenye masikio. Mwajiri anayejadiliana bei ya kukufukuza Desemba hajakusamehe, ameahirisha. Kocha wa chuo pinzani anayemwania kijana yuleyule unayemwania wewe hana haja ya kukusema vibaya. Anamuuliza tu mzazi: "Una hakika huyo atakuwepo mwakani?" Mshika mawili moja humponyoka, na hapa yaliponyoka yote mawili: heshima ya kumuaga mkongwe vizuri, na mwaka mmoja wa kujenga upya.

Wapenzi wa Arsenal wanaosoma hapa watakuwa wameshaitambua hadithi. Mei 2017, baada ya kumaliza nafasi ya tano, klabu ilimwongezea Arsène Wenger miaka miwili. Alidumu mmoja, akamaliza nafasi ya sita, akaondoka. Hakuna aliyefaidika na mwaka ule, Wenger mwenyewe hakufaidika.

Mwaka 2025 Stillwater walianza kwa kuifunga UT Martin 27-7. Kwotabeki mpya, Hauss Hejny, akaumia mguu siku hiyohiyo. Kabla ya safari ya Oregon, Gundy alisema kwenye kipindi chake cha redio kwamba wenyeji wametumia karibu dola milioni 40 kwa kikosi chao, na chuo chake kimetumia takriban milioni saba kwa miaka mitatu. Kuhusu tofauti ya mifuko alikuwa sahihi. Lakini hayo huwaambii watu wenye milioni 40 siku chache kabla ya kwenda kwao. Tarehe 6 Septemba Oregon ilishinda 69-3. Ijumaa ya tarehe 19, nyumbani, mbele ya makasia yale, Tulsa ilishinda 19-12. Tulsa ilikuwa haijashinda Stillwater tangu 1951. Siku nne baadaye kibarua kikaota nyasi.

Muda waliouchagua nao ulikuwa mbaya kuliko wote. Kwa kanuni za wakati ule, kocha mkuu akiondoka, wachezaji wa timu hiyo hupata siku 30 za kuhama. Ukimfukuza Septemba unafungua dirisha hilo katikati ya msimu, kila aliye na ofa ana sababu ya kujitunza asiumie, na Meacham anabaki kuongoza kikosi cha watu wanaotazama simu. Ukimfukuza Novemba, unaajiri Desemba, na dirisha linafunguka kocha mpya akiwa mlangoni. Oklahoma State ilimaliza 2025 kwa 1-11. Ukiunganisha na mwaka uliotangulia, ni mechi 18 za Big 12 bila ushindi.

Nawasikia wanaokitetea chuo, na hoja yao ina uzito. Kuanzia Julai 2025, chini ya makubaliano ya mahakamani, kila chuo kiliruhusiwa kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka kwa wanamichezo wake. Kumlipa mtu milioni 25 akae nyumbani ni zaidi ya bajeti ya mwaka mzima ya kiwango cha juu. Kwa chuo kisicho na Pickens mwingine, aliyefariki Septemba 2019, hiyo si pesa ya mchezo. Lakini mkataba ule haukuletwa na malaika. Bodi iliuandika yenyewe, kocha akiwa kileleni, wakati jina lake lilishahusishwa zaidi ya mara moja na kazi ya Tennessee na kila mtu anaogopa ataondoka. Tena si wao tu. Penn State ilipomwondoa James Franklin Oktoba 2025, na LSU ikamwondoa Brian Kelly wiki mbili baadaye, kila mkataba ulikuwa na fidia ya karibu dola milioni 50. Vyuo vya Marekani vimejenga utaratibu wa kumlipa kocha kwa hofu ya kumpoteza, kisha kumlipa tena kwa hofu ya kubaki naye.

Hesabu ya Stillwater ni hii: kusubiri kuliokoa takriban milioni 10 za fidia. Toa humo mishahara ya makocha wapya wawili ambao hawakudumu zaidi ya msimu mmoja, gharama ya wachezaji zaidi ya 60 walioletwa kwa mfumo ambao haukufika Oktoba, tiketi ambazo watu hawakununua, na wafadhili walionuna. Sijui kama kinabaki kitu.

Kwa Gundy, 170-90 itabaki kwenye vitabu na hakuna atakayeigusa karibuni. Angeweza kuondoka Desemba 2023, siku aliyoifunga Texas A&M 31-23, akiwa ameshinda pia mechi ya mwisho dhidi ya Oklahoma kabla ya jirani huyo kuhamia ligi ya SEC. Ila sijawahi kuona kocha mwenye 10-4 na mkimbiaji bora wa nchi anayerudi akisema naacha hapa, na simlaumu kwa hilo.

Mrithi ni Eric Morris, aliyetolewa North Texas. Sifa yake kubwa ni kuibua makwotabeki ambao hakuna aliyewataka. Alimpokea Cam Ward katika chuo kidogo cha Incarnate Word, na mwaka 2025 Ward alikuwa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kwenye drafti ya NFL, pale ligi ya kulipwa inapochagua vijana kutoka vyuoni. Pale North Texas alimpa nafasi Drew Mestemaker, kijana ambaye hata shule ya sekondari hakuwa kwotabeki wa kuanza. Yaani Oklahoma State imeajiri tena mtu anayewaona wale ambao wengine wamewapita, kama ilivyofanya 2005. Tofauti ni kwamba Ward hakumalizia chuo kwa aliyemwibua, alimalizia Miami. Morris atawapata vijana wake, sina shaka na hilo. Bodi ya Stillwater ina kazi ya kutafuta pesa ya kuwabakisha, na safari hii haina mzee aliyekaa miaka 20 wa kumkata milioni moja.